Kibuyu Kilichooshwa kwa Sabuni

Sikiliza nikueleze taratibu. Nilipohama kijijini kwetu Kansay kuja Karatu mjini, nilibeba kibuyu cha maziwa alichonitengenezea mama. Kilinukia moshi wa nyumbani, na harufu hiyo ndiyo niliyoitunza. Siku mama anakuja kututembelea, mume wangu, kwa wema wake, akakiosha kwa sabuni ya ndimu.

Mama akaonja maziwa, akakinusa kibuyu.

“Mkwe wangu, ng'ombe wa mjini wanalishwa ndimu?”

“Hapana, mama. Ni usafi tu.”

“Basi njoo uani tukichafue.”

Akampa kazi ya kukifukiza. Majirani walioona moshi waliuliza kama nyama imeiva. Mume akakohoa, mama akacheka, harufu ikarudi.

Yakikupata kama hayo, kausha kibuyu, tia kaa la moto la mzeituni wa porini, tikisa, kung'uta majivu, kisha mimina maziwa.