Ng'ombe wamelima, semina inajisifu

"Waliohudhuria semina yetu walivuna pamba nyingi kuliko wasiohudhuria. Kwa hiyo semina inaongeza mavuno."

Nimeyasikia hayo leo asubuhi, ukumbini hapa Bariadi, kutoka kwa mtaalamu wa mradi wa pamba.



Akapendekeza pampu za kupulizia dawa ya wadudu wapewe waliohudhuria tu. Wengine eti wavivu!

Mimi ni mwanatakwimu. Chuoni nimezeeka na swali moja: kipi kimesababisha kipi? Njia yangu huanza na kile tunachokijua tayari, kisha data iturekebishe.

Nikamuuliza: kila upande, wangapi wana ng'ombe wa kulimia? Huku nani asiyejua kwamba mwenye ng'ombe hupanda na mvua ya kwanza na kuvuna zaidi, na asiye nao husubiri jirani amalize kulima ndipo aazime?

"Profesa, hizo ni imani zako. Sisi tunaamini namba."

Watu wakacheka. Wasomi kabisa!

Ndipo Mama Kabula, mkulima wa Zagayu, akasimama.

"Semina niliitwa na nani? Mlipita kwenye kaya zenye maksai wa kulimia tu."

"Mayu, mama yangu, kaa kwanza," mtaalamu akamwambia.

"Sikai! Ng'ombe wamelima, ninyi mnajisifu?"

Mtaalamu akakohoa, akafungua slaidi nyingine.

Ninyi wajumbe wa mradi mnaotakiwa kusaini ripoti ya semina hiyo kesho, msisaini. Rudini vijijini, mlinganishe waliohudhuria na wasiohudhuria: wenye ng'ombe kwa wenye ng'ombe, na wasio nao kwa wasio nao. Na Mama Kabula naye apewe pampu kesho hiyohiyo, kwa sababu funza wa vitumba, wale wanaotoboa matunda ya pamba, wameshaingia shambani mwake.