Dume wa Bonde la Chumvi

Miaka kumi na tisa Arlys Tvedt ndiye aliyewatafuta swala wa nyika ya Wyoming, Marekani, wale ambao wenyeji huwaita mbuzi, na mumewe Dell ndiye aliyesifiwa kwa macho makali na wageni waliowalipa wawaongoze kuwinda. Kisha Dell akamwacha kwa ajili ya msichana, akaondoka na wageni wote na darubini zote. Arlys akabaki na kibali cha kuwinda dume mmoja, na kinyongo. Alimtaka yule mwenye pembe nene wa bonde la chumvi. Dell alikwisha kumwahidi mgeni wake dume huyohuyo.

Wakakutana dukani. Dell amekumbatia darubini ya jicho moja, ndefu kama mkono, inayokuza mara sitini. Arlys alichukua ya macho mawili, ya mara kumi tu, na miguu mitatu ya kuisimamisha.

"Bibi wee, hiyo si ya kutazamia harusi?" Dell akamkejeli.

"Na yako ya kutazamia mwezi? Kamwonyeshe kimwana wako."

Muuzaji akainama kuficha kicheko.

Arlys alilipa akaondoka bila kumwonya. Jua likipanda, bonde lile huchemka kwa mazigazi, na kioo kikali huyakuza pamoja na mnyama; pembe hurefuka machoni. Zamani yeye ndiye aliyekuwa akimzuia: "Subiri, Dell, usimhukumu sasa." Safari hii azuiwe na nani?

Siku msimu wa kuwinda ulipofunguliwa, alfajiri ilimkuta kifudifudi kilimani, akilipekua bonde kipande kwa kipande. Saa moja na nusu akamwona. Pembe zilizidi sikio mara mbili. Risasi ikawa moja.

Saa tano bunduki ililia upande wa barabara. Arlys alipofika huko akimkokota dume wake kwa kigari, Dell alikuwa amesimama juu ya mnyama ambaye pembe zake hazikuyapita masikio. Mgeni, Bwana Pruitt, amewiva uso.

"Uliniapia ndiye!"

"Alionekana mrefu, bwana..."

Pruitt akamgeukia Arlys. "Mama, huyo wako umemwonaje?"

"Kwa macho yaliyomlisha huyu Dell miaka kumi na tisa."

"Arlys, mpenzi," Dell alinong'ona, "nisaidie kumweleza."

"Mweleze mwenyewe. Mwaka kesho, Bwana Pruitt, mimi nina nafasi ya kukuongoza."

Pruitt akatoa kalamu, akaomba namba yake ya simu. Arlys aliitaja tarakimu moja moja, kwa sauti, kisha akampandisha dume garini bila haraka, pembe zikielekea upande wa Dell.