Kola ya Mchungaji Siku ya Jumatano

Niliondoka Garsen kwa sababu wazee wa kanisa letu walitaka kujua mchungaji huenda wapi kila Jumatano. Fununu zilisema ana mwanamke Kulesa, na kwamba huvua kola kabla ya kufika kwake. Jumapili wangekaa kikao, na neno langu ndilo lingeamua kama wamwandikie askofu amwondoe. Walinituma mimi kwa kuwa tangu utotoni nasema nitakuwa mchungaji. Nikiomba kufuatana naye, asingeshtuka. Kweli hakushtuka. Alicheka, akafunga mkoba nyuma ya baiskeli, tukaondoka.

Saa mbili asubuhi tulikuwa tukiikokota baiskeli kwenye matope yaliyoachwa na mafuriko. Alinisimulia makanisa yake saba, yote yanamngoja yeye peke yake kwa ubatizo na meza ya Bwana. Nilicheka naye, lakini macho yangu yalikuwa kazini. Mbona amebeba sukari? Mbona amenyoa ndevu siku ya kazi?

Karibu na Kulesa, penye migomba ya kwanza, alisimama, akavua kola yake nyeupe, akaitia mkobani. Kola ile niliitamani tangu utotoni, nilipokuwa nikikata katoni nijivike shingoni.

Saa nne tulifika kwa Mama Komora, mjane, tena si mzee. "Mchungaji, leo umekuja na askari?" akatania. Mchungaji akampa sukari, akachukua jembe nyuma ya mlango kama mwenye nyumba, wakaenda shambani. Basi ni kweli, nikajiambia. Nikaitoa kola mkobani ili nimwaibishe, nikawafuata.

"Mchungaji, umesahau kola yako."

Mama Komora aligeuka, akaiona mkononi mwangu. Akakaa chini katikati ya mahindi. "Mwanangu," akasema, kisha akaangua kilio. Majirani wakaja mbio, nao wakilia kabla ya kuuliza lolote.

Mchungaji alipiga magoti matopeni, akamshika mikono. "Mwanao Komora yu hai, mama. Juzi nilimwona hospitalini Malindi, anakula mwenyewe. Huyu kijana hajui tu."

Walipotulia ndipo nikaelezwa. Tangu mafuriko, mtu akifia mbali, habari hupewa mchungaji aipeleke kijijini. Kwa hiyo kola ikionekana siku isiyo Jumapili, watu huanza kulia. Naye huivua, kisha humlimia mama yule hadi mwanawe arudi.

Njiani kurudi nilimwomba msamaha, nikamuuliza mbona hakuwaambia wazee.

"Hawakuniuliza. Waliulizana wao kwa wao."

Jumapili wazee waliniuliza kama huvua kola. Nikasema ndiyo, huivua, halafu nikawaeleza nilivyomwangusha mama wa watu kwa kuishika tu. Mzee aliyekuwa ameshika kalamu amwandikie askofu akasema kifo cha kaka yake alikijua vivyo hivyo, kwa kuiona kola, mchungaji akiwa bado ng'ambo ya mto. Akaifunika kalamu.

Nilijifunza kuuliza kabla ya kushuku. Kola bado naitaka. Ila siku hizi nikimwona mchungaji akija kwetu siku ya kazi, hutazama shingo yake kwanza.