Karatasi Nyekundu kwenye Kioo cha Duka

Duka la maman lilikuwa na mlango mmoja, kioo kimoja na friza tatu, na kati ya friza ya pili na ya tatu palikuwa na stuli ambayo sikuwahi kuikuta tupu. Lilikuwa Saint-Josse, mjini Brussels, kwenye barabara ya mteremko ambayo chini yake kabisa kuna mlango wa metro. Maman, kama sote tulivyomwita mwenye duka, alitoka Bukavu. Mimi ni mtu wa Lubumbashi, na kwa miaka sita nilinunua kwake unga, sombe, yaani kisamvu, iliyogandishwa na samaki wadogo wakavu, na kwa miaka hiyo hiyo sita tulibishana kama ugali wenyewe unaitwa bukari au bugali. Nikisema bukari, aliniuliza kama nimekuja kununua au nimekuja kufundisha. Kisha alipima unga, akafunga mfuko, halafu akaufungua tena aongeze konzi moja ya matabishi, maana kwetu muuzaji asiyeongeza kitu juu ya kipimo hahesabiwi kuwa muuzaji.

Nilifika Brussels mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikiwa na miaka miwili ya sheria kichwani kutoka chuo cha Lubumbashi na nia ya kuikamilisha. Sikuikamilisha. Nilipata kazi ya ulinzi katika jengo la ofisi karibu na Schuman, ambako nilivaa suti ya kampuni yenye beji kifuani na kuwafungulia mlango watu waliokuwa na kadi za kuufungua wenyewe. Lakini mtaani ilijulikana kwamba mimi ni papa, yaani baba, wa karatasi. Barua za commune, yaani za manispaa, barua za bima ya afya, barua za shule, zote akina mama waliniletea pale dukani, nikazisoma nimesimama na kuzitafsiri, nao wakanisikiliza kimya. Sitaficha, nilikipenda sana kile kimya.

Kisha zikaja habari za ujenzi. Nyumba nne za zamani, pamoja na ile yenye duka, zilikuwa za mwenye nyumba mmoja, mzee aliyekuwa akiishi karibu na bahari na kuja mara mbili kwa mwaka kulalamikia mabomba. Alipata mtu wa kuzinunua zote. Muda si mrefu ukawekwa ubao wenye picha ya jengo litakalokuja, ghorofa sita, balkoni za kioo, miti ambayo haikuwahi kuota kwenye barabara ile. Chini ya jengo watu wembamba walikuwa wakitembea. Nililitazama lile tangazo mara nyingi nikisubiri taa ya waenda kwa miguu, na jambo nililoliona ni kwamba hakuna hata mmoja wao aliyebeba mfuko. Kwenye barabara ile sijawahi kumwona mtu akipita mikono mitupu.

Siku karatasi ilipobandikwa, maman hakuwepo. Alikuwa amekwenda matanga Liège na duka lilikuwa limefungwa. Nilikuwa nikishuka kwenda kazini, nimeshavaa suti, beji kifuani. Mbele ya kioo walisimama akina mama watatu na vikapu vyao, wakitazama karatasi nyekundu kubwa iliyogundishwa pale na mfanyakazi wa commune. Mmoja wao, ambaye kila mwezi nilimsomea barua za umeme, aliniona kwa furaha.

"Papa, ukuje utusomee. Banasema nini juu ya maman?"

Niliisoma haraka, kwa sababu nilikuwa nimechelewa na kwa sababu sikudhani kuna karatasi inayoweza kunishinda. Upande mmoja Kifaransa, upande wa pili Kiholanzi, nao huo wa pili sikuugusa. Maneno manne yalinirukia machoni: enquête, réclamations, commission, être entendu. Yote nilikuwa nayajua tangu darasani Lubumbashi. Kwetu, ukisikia kuna enquête, yaani uchunguzi, ujue kuna mtu ameshtakiwa. Réclamations ni malalamiko. Na mtu "anaposikilizwa", basi amekaa mbele ya meza, na kando yake kuna mwingine anayeandika kila anachosema.

"Bon," nikasema, "iko enquête hapa. Enquête publique. Mwenye iko na malalamiko, aandike ku commune, iko na siku quinze. Alors kisha, commission itasikiliza bantu."

"Malalamiko juu ya nani?"

Niliitazama tena karatasi. Anwani iliyoandikwa ilikuwa ya pale pale. "Adresse njo ya hapa," nikasema.

"Yesu! Maman amefanya nini?"

"Habakuandika," nikasema, nikaenda zangu kazini.

Leo naweza kuieleza karatasi ile kwa sentensi moja. Brussels, mtu akitaka kujenga kitu kikubwa, commune hubandika karatasi nyekundu kuwauliza majirani wanaonaje, na jirani yeyote anaweza kuandika maoni yake au kuomba kwenda kuyasema mwenyewe. Ndiyo hiyo enquête yao. Hakuna aliyeshtakiwa. Wanaulizwa tu, kama unavyomuuliza mgeni kama chumvi imetosha.

Lakini mimi nilikuwa nimeshasoma, tena kwa suti yenye beji, na neno langu lilipanda mteremko kabla ya jioni. Wengi wa wenzetu kutoka Kivu walikuwa wamekimbia mambo ambayo yalianza hivyo hivyo, kwa mtu kuuliza maswali juu ya jirani. Na hapa Brussels neno lile lilikuwa na maana nyingine ya kutisha: polisi wa mtaa anapopita asubuhi kuhakikisha kwamba unalala kweli pale ulipojiandikisha, nayo huitwa enquête. Kulikuwa na watu waliojiandikisha kwa shemeji na kulala kwa rafiki. Hao waliacha kupita hata upande ule wa barabara.

Na akina mama wale, lazima niseme, walifanya kitu cha heshima. Walikubaliana kwamba hakuna atakayeandika hata neno moja kwa commune. Walidhani wanaombwa kumshtaki maman, wakaapa kwamba hawatamshtaki. Kikundi chao cha maombi kilifunga siku mbili kwa ajili yake. Waliomwombea na waliomkwepa walikuwa watu wale wale, na karatasi nyeupe ambazo zingeweza kumsaidia zilibaki bila kuandikwa kwa sababu walimpenda.

Maman alirudi, akaiona karatasi, na kwa kuwa shule aliiacha mapema na mimi sikuonekana, alikwenda commune kuuliza. Mama wa dirishani alimweleza vizuri. Mjenzi alikuwa ameomba kubomoa, na kwenye mipango yake ghorofa ya chini ilikuwa na duka moja kubwa, bila kusema la nani. Kama watu wengi wa mtaa wangeandika kwamba duka la maman wanalihitaji, commission ingeweza kuweka sharti kwamba apewe nafasi kwenye jengo jipya, kwa kodi anayoiweza. Si kwamba ilikuwa hakika. Lakini hapakuwa na njia nyingine, na baada ya siku kumi na tano mlango ule ungefungwa. Maman alikuwa amevuka miaka hamsini na tano na hakuwa na kazi nyingine mikononi.

Akanunua daftari. Binti yake aliyekuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kulelea alimwandikia juu, kwa Kifaransa, kwamba tunaosaini hapa chini tunaomba duka hili libaki, kisha akachora mistari ya jina, anwani na saini. Maman aliliweka karibu na mzani, kalamu ikiwa imefungwa kwa uzi. Wateja wachache waliothubutu kuingia waliona nini? Duka lenye enquête, na daftari linalotaka jina na anwani. Mmoja alirudisha makayabu, samaki wa chumvi, kwenye sanduku lake, akasema amesahau kitu nyumbani.

Mimi nami nilikuwa nimeacha kupita. Nilijiambia nina zamu nyingi. Ukweli ni kwamba mtu wa kampuni ya ulinzi hataki jina lake likutwe mahali penye kesi. Niliingia zikiwa zimebaki siku tatu, kwa sababu unga ulikuwa umeniishia na unga wa duka la Kichina ulikuwa umenishinda.

"Papa, umepotea," maman akasema. Alinisogezea daftari.

Nilisoma mistari ya juu na masikio yangu yakawaka moto. Nilisoma tena. Kisha nikahesabu majina: kinyozi Mturuki wa mlango wa pili na kaka yake, mzee Mbelgiji wa ghorofani aliyenunua kwake viazi vitamu, Mreno wa viatu, familia moja ya Wamoroko. Mkongo alikuwa mmoja tu, binti yake. Nilichukua kalamu, nikaandika jina langu na anwani yangu kwa mwandiko mzuri, nikaongeza na sentensi ndefu ya Kifaransa juu ya umuhimu wa biashara ndogo mtaani. Maman alikuwa akinitazama.

Nilichotakiwa kwenda kusema nje kilikuwa maneno mawili: nilisoma vibaya. Yule mama wa barua za umeme alikaa nyumba ya tano kutoka pale. Kwa saa moja habari ingeenea, kwa kuwa ile ya kwanza ilienea kwa muda mfupi zaidi. Niliona aibu. Niliona aibu kuliko nilivyomwonea maman huruma, na hilo ndilo jambo nisilopenda kujikumbusha. Nilijiambia muda umekwisha, nikajiambia kwamba hata wangejua wasingeandika. Maman alipima unga, akaongeza konzi yake, nikalipa na kuondoka.

Alinifuata baadaye kwa simu, akaniomba nimsindikize mbele ya commission. Nilikwenda. Ulikuwa ukumbi wenye zulia, meza ndefu, na mchoraji ramani aliyeleta kijumba cha karatasi ngumu. Watu walizungumza juu ya kivuli kitakachoangukia bustani zao na nafasi za kuegesha magari. Bibi mmoja alizungumza kwa robo saa juu ya mti mmoja, tena kwa uchungu wa kweli. Zamu ya maman ilipofika, mwenyekiti alilifungua daftari na kumuuliza kwa upole kama duka lake lina wateja wengi.

"Beaucoup," maman akasema, wengi sana.

Mwenyekiti aliutazama tena ule ukurasa ambao haukujaa. Alimshukuru, akaita jina lililofuata.

Sharti halikuwekwa. Duka lilifungwa majira ya kuchipua, friza mbili zikachukuliwa na binamu wa kinyozi, na maman akahamia kwa binti yake huko Ganshoren. Nyumba zilibomolewa kwa muda wa wiki tatu. Jengo lilipokamilika, duka la chini lilikaa tupu zaidi ya mwaka mmoja, kioo kikiwa kimefunikwa kwa karatasi, kisha likawa mahali pa kahawa na mikate mizito yenye mbegu. Nimekula mkate ule, na sina la kuulaumu. Akina mama wanapanda basi hadi Matonge, mtaa wa maduka ya Wakongo, na mikokoteni yao ya magurudumu, sombe inaanza kuyeyuka kabla hawajafika nyumbani. Kuhusu karatasi walikuja kuelewa wenyewe, kwa sababu karatasi nyekundu ziliendelea kubandikwa huku na kule na hakuna aliyekamatwa. Hawakuniuliza kitu. Barua zao waliendelea kuniletea kwa muda, kisha watoto wao wakakua wakawa wanazisoma wenyewe.

Ilinichukua miaka minne kwenda Ganshoren. Mtaa ni mtulivu, nyua za nyumba zimekatwa sawasawa, na kutoka dirisha la maman hakuna duka linaloonekana. Alikuwa akikaanga ndizi. Alikuwa amepungua mwili, na mikono haikuwa na haraka tena. Nilikaa mezani jikoni, nikasubiri binti yake atoke kwenda kazini.

"Maman," nikasema, "ile karatasi, njo miye niliisomaka mubaya."

"Najua, papa. Bamama baliniambia siku ile ile nilitoka Liège."

"Na haukubaambia ukweli?"

"Nilibaambia. Banasema, maman, weye njo banakufanyia enquête, utasema nini ingine? Papa wa karatasi njo alisoma, tena na costume ya kazi." Alizigeuza ndizi moja moja. "Donc nilikuwa nakungoja weye. Siku uliingia, ukasoma mu cahier, niliona sura yako inabadilika. Nikasema, Mungu asifiwe, sasa amejua, anaenda kubaambia. Nikasimama ku kioo, nikakuangalia mupaka chini. Ukaingia mu métro."

Nilimwambia kwamba siku ile nilikuwa nimechelewa kazini.

Aliziepua ndizi, akaniwekea sahani mbele yangu.

"Papa," akasema, "ilikuwa dimanche, siku ya kanisa. Bureau yenu, dimanche inafungaka."