Kiatu cha Kulia cha Hamdu

Pacifique hakuwahi kucheza mpira maishani mwake, lakini hapa Kashojwa, kijiji kimoja cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, hakuna aliyeijua timu ya Bana Ziwa kama yeye. Alikuwa fundi viatu. Alifika Nakivale mwaka 2003 akitokea Baraka, Kivu ya Kusini, pamoja na mkewe Eliane na mtoto wao Gradi, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na miwili. Sisi Wakongomani humwita mtu kwa jina la mtoto wake, kwa hiyo akawa Papa Gradi, na wengi hawakujua kabisa jina lake la ubatizo. Alijenga kibanda cha turubai karibu na soko, akaning'iniza tairi kuukuu la kukatia soli, akaanza kazi.

Timu ilikuwa imeanzishwa na vijana waliotoka kando ya Tanganyika, ndiyo sababu ya jina Bana Ziwa, yaani wana wa ziwa. Kila Jumatatu wachezaji walimletea Papa Gradi viatu vyao, naye alivishona bila malipo. Kwa kazi hiyo alijua mengi. Aliweza kukuambia nani anaburuta mguu, nani anapiga kwa kidole, na nani hajafanya mazoezi wiki nzima ingawa kocha anamsifu. Hakuyasema ovyo. Ukimuuliza alikujibu, usipomuuliza aliendelea kuvuta uzi.

Mwaka 2010 tuliingia ligi ya wilaya. Ikabidi kusafiri, na timu haikuwa na gari. Ndipo wazee wakamwendea Haji Buruhan, mfanyabiashara wa Nyamityobora, mjini Mbarara, aliyekuwa akinunua mahindi na maharage huku kwetu. Alikuwa na lori. Akakubali kuwa mwenyekiti, na lori lile lililobeba magunia siku za soko likawa linatubeba sisi siku za mechi, wachezaji mbele, mashabiki nyuma. Mwaka wa kwanza tulimaliza wa tatu. Marthe, mama muuza maandazi aliyeongoza nyimbo zetu, alimtungia Haji wimbo wake mwenyewe, na Haji akawa akisimama na kuinua kofia kila tulipouimba.

Mwanzoni mwa 2012 mambo yaligeuka. Haji alisajili wachezaji watano wa Mbarara bila kumuuliza kocha. Mazoezi nayo yakahamia huko, kwenye kiwanja kimoja karibu na kambi ya jeshi ya Makenke, na vijana wetu hawakuweza kufika kila siku. Tukawa tunayasikia majina ya kikosi asubuhi ya mechi yenyewe. Modeste, aliyekuwa kipa wetu kwa miaka mitano, alijua ameachwa pale alipofika na mfuko wake akakuta mtu asiyemjua amevaa glavu. Alirudi nyumbani kwa miguu. Gradi, aliyekuwa mshambuliaji wetu tangu timu iko daraja la chini, aliwekwa benchi, na nafasi yake akapewa Hamdu.

Hamdu alikuwa na miaka ishirini na tisa, mwembamba, mpole wa maneno. Alikulia Makenke, mtoto wa askari, na jina lake lilijulikana Mbarara nzima. Haji alimleta Kashojwa siku moja kumtambulisha, akasema kwa sauti kubwa kwamba sasa timu imepata mtu. Tukapiga makofi, maana hata sisi tulikuwa tumemsikia.

Jumatatu iliyofuata viatu vya Hamdu vilifika kwa fundi pamoja na vya wenzake. Papa Gradi alivigeuza juu chini. Cha kushoto kilikuwa kimelika kama viatu vyote vinavyolika. Cha kulia kilikuwa kimelika ukingo wa nje tu, na meno ya mbele yalikuwa mazima, kana kwamba hakijawahi kutumika kukimbilia. Ndani alikuta vitambaa viwili vimekunjwa chini ya kisigino. Akakaa nacho mkononi muda mrefu. Mtu mwenye kiatu kama hicho anaogopa kuuegemea mguu wake, na mguu ukiegemewa upande mmoja kila siku, shida iko kwenye goti.

Alimweleza Eliane asubuhi yake, wakiwa wanapukuchua mahindi nyuma ya nyumba. Eliane alimuuliza kwa nini haendi kumwambia kocha, au Haji mwenyewe.

"Nikisema, batasema ni juu ya Gradi," Papa Gradi akamjibu kwa Kiswahili chetu cha Kongo.

"Na usiposema?"

Papa Gradi akachukua gunzi jingine. Eliane naye hakurudia swali lake, akaendelea na mahindi. Baadaye Papa Gradi alinisimulia kwamba ukimya ule wa mkewe ulimsumbua kuliko kama angegombana naye.

Alichofanya ni kile alichoweza kufanya bila kufungua mdomo. Alikata kipande cha ngozi ngumu, nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, akakibandika ndani ya kiatu cha kulia ili mguu usilalie nje. Akaking'arisha kiatu, akakirudisha. Kila Jumatatu alikitazama tena. Wiki za kwanza aliona ukingo umeacha kulika. Kisha ukaanza kulika tena.

Timu ilikuwa inateremka. Tulifungwa nyumbani, tukatoka sare na watu tuliozoea kuwafunga, tukafungwa tena. Mashabiki walimpigia Haji simu, hakupokea. Marthe aliandikiwa na katibu wa kanisa lake barua ya kumpelekea Haji, akaipeleka yeye mwenyewe hadi kwenye lori, dereva akaiweka juu ya dashibodi na ikakaa pale mpaka ikapauka. Siku moja Marthe alitangaza kwamba haimbi tena. Tukaenda uwanjani tukakaa kimya dakika tisini, watu zaidi ya mia tatu, ukawa unasikia kocha akikohoa. Tulidhani Haji ataelewa. Haji hakuwepo; alikuwa sokoni Mbarara.

Basi hasira yetu ikamwangukia aliyekuwepo. Hamdu akipoteza mpira, tulimzomea. Akiupata pia tulimzomea, tukimwambia arudi Makenke akalinde lango la kambi. Nami nilikuwa mmoja wao, sifichi.

Ilikuwa mwezi wa sita, tunacheza na timu kutoka Kabingo. Kabla ya mapumziko Hamdu alipokea mpira katikati ya uwanja, akataka kugeuka, akaanguka. Hapakuwa na mtu karibu naye. Uwanja mzima ukacheka. Akajaribu kuinuka, akarudi chini, na ndipo kicheko kikapungua, kikaisha.

Papa Gradi alikuwa amekwisha kuvuka mstari. Alipiga magoti, akafungua kamba za kiatu cha kulia taratibu, akakivua. Goti lilikuwa linavimba mbele ya macho yao.

"Mzee, wewe ulijua," Hamdu akasema. "Ile ngozi uliweka ndani ya kiatu. Siku nilivaa, nikasema huyu mzee anajua."

Papa Gradi akamwomba msamaha. Hamdu akatikisa kichwa.

"Hata Haji anajua. Mimi mwenyewe nilimwambia goti ni mbaya. Akasema watu wanataka jina, nicheze pole pole tu."

Walimbeba kwenye machela ya matawi na blanketi hadi kwenye lori. Papa Gradi alibaki na kiatu mkononi. Hakukirudisha kwa mwenyewe siku hiyo.

Jumanne yake mashabiki walikutana kwenye darasa la shule. Wengine walitaka tujitoe kwenye ligi, wengine walitaka lori lizuiwe barabarani. Mwishowe ikakubaliwa watu wawili waende Mbarara wakaonane na Haji uso kwa uso: Marthe, kwa sababu haogopi mtu, na Papa Gradi, kwa sababu alisimama akasema ana neno lake ambalo lazima alifikishe mwenyewe. Mtu mmoja akauliza kama neno hilo linamhusu mwanawe. Papa Gradi akasema ndiyo, linamhusu pia.

Walimkuta Haji kwenye ghala lake Nyamityobora, amekaa kati ya magunia. Mkewe, Jalia, akawaletea viti na chai. Haji aliwapokea kwa heshima, akauliza habari za mvua na za mahindi, kisha akangoja. Marthe alieleza yote bila kupandisha sauti: mazoezi yaliyohamishwa, kipa aliyeachwa bila kuambiwa, barua iliyopauka kwenye dashibodi. Akasema mashabiki hawataki kumfukuza, wanataka kuulizwa.

Haji akamgeukia Papa Gradi. "Marthe nimemsikia. Lakini wewe, fundi, wewe unataka kijana yako acheze. Si ndiyo?"

Papa Gradi alikuwa amelingojea swali hilo tangu mwezi wa tatu, alipokishika kiatu kile mara ya kwanza. Alinisimulia kwamba lilipofika alishangaa kuona halina uzito wowote.

"Ndiyo, Haji, ninataka. Kila baba anataka." Akatoa kiatu kwenye mfuko, akakiweka juu ya gunia mbele yake, akamwonyesha ukingo uliolika na meno yaliyobaki mazima. "Lakini hii niliionaka siku ya kwanza. Nikanyamaza, juu niliogopa hayo maneno unasema sasa. Goti ya ule kijana imekufa, na mimi niko na sehemu yangu mu ile makosa. Na wewe uko na yako."

Haji alikishika kiatu, akakigeuza. Akasukuma kikombe chake pembeni. Kisha akaanza kueleza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza. Mwaka wa kwanza, alisema, alikuwa na mabeki wawili wazuri sana na kiungo mmoja, wote wa Kashojwa. Alinunua viatu vyao, aliwalisha siku za mechi. Kabla mwaka haujaisha, watatu wote walipata hifadhi ng'ambo, wakapanda ndege na familia zao.

"Nafundisha kijana, anaenda Australia. Nafundisha mwingine, anaenda Amerika. Nikasema basi, nachukua wa Mbarara, hao hawaendi mahali. Nyinyi mnalia nimeacha watoto wenu, lakini mimi ndiye niliachwa."

Faili la Papa Gradi mwenyewe, la kuomba kuhamishiwa ng'ambo, lilikuwa kwenye ofisi za kambi pale Base Camp, limesubiri miaka minne, na kama angeitwa kesho angeondoka na Gradi bila kuuliza ligi imefika wapi. Ni Marthe aliyejibu.

"Haji, bale balienda, balichezaka kwanza. Na tulikuwa wa tatu."

Haji akacheka kidogo, akarudisha kiatu juu ya gunia.

Hakuomba msamaha siku ile, wala hakujiuzulu. Walichokubaliana kilikuwa kidogo. Mazoezi mawili kwa wiki yarudi Kashojwa. Asisajiliwe mtu ambaye kocha hajamwona akicheza kwenye uwanja wetu. Mashabiki wawe na mtu mmoja kwenye kamati. Na Hamdu atibiwe goti hospitalini kwa gharama ya Haji, jambo ambalo Haji alisema alikuwa amekwisha kuliamua, na kweli tulikuja kuthibitisha kwamba alikuwa amempeleka siku ileile ya mechi. Watu walitaka Papa Gradi aingie kwenye kamati. Alikataa kwa sababu ya Gradi, na safari hii alisema sababu yake mbele ya wote. Akaingia Marthe.

Gradi alirudi kucheza. Ningependa kusema alituokoa, lakini hakuwa mchezaji wa namna hiyo. Alifunga mabao mawili katika mechi zilizobaki na akakosa mengi. Modeste alirudi langoni, na huyo ndiye aliyetusaidia zaidi. Tulimaliza nafasi ya nane, hatukushuka. Siku ya mwisho Hamdu alikuja kwa bodaboda, akitembea kwa fimbo, akakaa kando ya Papa Gradi kwenye benchi pembeni ya uwanja. Watu walimpita mmoja mmoja wakimsalimia. Wengine walitaka kueleza kilichowafanya wamzomee, naye akawa anawauliza tu habari za nyumbani. Ilipofika zamu yangu nilimpa mkono, nikasogea kumpisha wa nyuma yangu. Hakuwahi kucheza tena. Baadaye alifungua duka la vipuri vya pikipiki Mbarara, na Gradi alipochoka na mpira mwaka 2014 alikwenda kufanya kazi kwake, akajifunza ufundi, akapanga chumba hukohuko.

Faili la Papa Gradi halijaitwa mpaka sasa ninapoandika, mwaka 2015. Yuko palepale karibu na soko. Mwezi uliopita kamati ilimsajili beki kutoka Mbarara, jamaa mzito, na katika mechi yake ya kwanza alijifunga mwenyewe. Kesho yake mashabiki walijaa kibandani wakilalamika. Walisema viongozi hawasikii, usajili unafanywa na watu wasiojua mpira, na kwamba aliyepiga kura ya kumchukua beki huyo ni Marthe.

Marthe alikuja jioni na sinia lake la maandazi. Akakaa kwenye kigoda, akavua kandambili iliyokatika, akampa fundi.

"Simu yangu nimeizima," akasema. "Tangu asubuhi."

Papa Gradi akaitazama kandambili, akachagua uzi. Akamwambia Marthe amwagize yule beki alete viatu vyake Jumatatu.