Mhakiki Aliyemuua Nyanya

Katika miaka ile ya tisini, hakuna mtu Kakamega nzima aliyelizwa na vitabu vya watoto kama Mwalimu Cleophas Osiako. Alilia kwa kalamu. Kila miezi mitatu, jarida letu la walimu lilipotoka, ukurasa wa kumi na moja ulikuwa wake, na humo alitokwa na machozi, akasisimka, akacheka hadi mbavu zikamuuma. Hakuwahi kukutana na kitabu kibaya. Wachapishaji wa Nairobi walimpenda, na nani angewalaumu? Sifa zake walizichapa kwenye majalada, jina lake likafika hadi Mombasa ilhali mwenyewe hajavuka Kisumu.

Nilifundisha naye shule moja kule Lurambi, meza yake ikitazamana na yangu, kwa hiyo niliijua siri ya kipawa hicho. Bahasha ikifika, aliifungua taratibu, akasoma maelezo ya jalada la nyuma, akaonja ukurasa wa kwanza, akaandika. Kazi iliisha kabla chai ya saa nne haijapoa. Kitabu chenyewe kilikwenda nyumbani kwake Amalemba, kikafungiwa katika kabati la vioo sebuleni ili watoto wasikichafue. Maana vilikuwa vitabu vya watoto.

"Wewe unalianga kwa vitabu," mkewe Awinja alimwambia siku moja mbele yangu, akitupakulia obusuma, ugali wa kwetu. "Lakini kwa matanga ya baba yangu hukutoa hata chozi moja."

"Yale hayakuwa fasihi," Cleophas alimjibu.

Mwaka 1996 kikaja kitabu cha Nekoye, mwalimu mchanga wa Ekero, kuhusu nyanya mmoja mkulima wa miwa na mjukuu wake. Jalada la nyuma lilitaja "siku ya mwisho ya nyanya shambani, siku ambayo kijiji hakitaisahau." Cleophas alihitaji nini zaidi? Aliandika kwamba kifo cha nyanya katika sura ya mwisho kimemtoa machozi, na kwamba haijapata kuandikwa huzuni tamu kama ile kwa vijana wetu.

George, aliyekuwa akiuza vitabu kwa niaba ya mchapishaji, aliyapenda maneno hayo mno. Akaandaa uzinduzi wa Jumamosi katika ukumbi wa kanisa mjini, akaalika wanafunzi wa darasa la saba na la nane, akamfanya Cleophas mgeni wa heshima. Naye George, kama ilivyobainika baadaye, alikuwa na shughuli nyingi mno za kuuza vitabu hata akakosa nafasi ya kuvisoma.

Jumamosi hiyo Cleophas alivaa suti ya harusi yake na kuzungumzia kifo katika fasihi kwa dakika arobaini. Nekoye alikuwa kando yake. Nilimwona akikunja uso, kisha akifunua kurasa za mwisho za kitabu chake mwenyewe, kama mtu anayehakikisha kwamba hajaibiwa.

Ukafika wakati wa maswali. Aliyesimama wa kwanza alikuwa Beverly, binti yake Cleophas, wa darasa la nane. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Alitaka tu kujua.

"Baba... samahani, Mwalimu. Nyanya alikufa ukurasa gani?"

"Mwishoni, mwanangu."

"Lakini mwishoni anapata leseni ya trekta. Anaacha kulima, anaanza kubeba miwa mpaka kiwandani."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Padri mwenyewe alijifunika uso kwa ratiba. George akatazama dari, ambayo siku hiyo ilimvutia sana. Nekoye alisimama na kungoja kelele zipungue.

"Mwalimu amesoma kitabu kizito kuliko nilichoandika," alisema kwa adabu zote. "Nikipata nafasi nitakiandika hicho pia."

Nyumbani Awinja alikuwa amepika ingokho ya kumpongeza mgeni wa heshima. Tulimla yule kuku kama tuko matangani. Hatimaye Cleophas akamwuliza bintiye alikisoma wapi kitabu kile.

"Kwa kabati. Mbao za nyuma ziko na misumari minne tu," Beverly alisema, macho kwenye sahani. "Nasomanga tangu darasa la tano."

"Umesoma vingapi?"

"Vyote. Vinne ndio vizuri, pamoja na hiki cha nyanya."

"Vinne! Kati ya arobaini na vitatu?"

"Hivyo vingine ni kitu kimoja, Baba. Mtoto anakosea ukurasa wa pili, anachapwa ukurasa wa tatu, halafu anashukuru mpaka mwisho."

Nilitarajia ngurumo. Cleophas aliweka mfupa chini, akanawa mikono, akatoa ufunguo mfukoni na kuuweka mezani mbele ya binti yake, ambaye kwa wazi hakuuhitaji.

Jumatatu alikuja shuleni na kitabu cha Nekoye, akaanza ukurasa wa kwanza na kuendelea hadi wa pili, jambo jipya kwake. Siku ya nne nilisikia mtu akipenga kamasi. Alikuwa amefika pale nyanya anaposhindwa mtihani wa udereva mara ya pili na kumficha mjukuu wake habari hiyo.

"Hapa ndipo mtu anapaswa kulia," aliniambia. Machozi yalikuwa ya kweli. Nikajifanya nasahihisha insha.

Toleo lililofuata lilisema: "Nyanya yu hai. Mimi ndiye niliyemuua kwa kutosoma. Sura ya tano ni ndefu mno, lakini kitabu ni kizuri." Nekoye alimwandikia barua ya shukrani, akikubali kuhusu sura ya tano. Tangu hapo Cleophas aliandika alichokiona, na ukweli ukamlipa kama unavyowalipa watu siku zote: bahasha zikapungua, kisha zikakoma. Mwaka 1998 alihakiki hadithi za bwana mmoja mwenye cheo, akashauri kurasa zake zitumike kuwashia jiko. Kabla muhula haujaisha alipewa uhamisho wa kwenda Lugari, kwa sababu, barua ilisema, uwezo wake ulihitajika zaidi kule.

Nilimtembelea mwaka uliofuata. Vitabu vyake aliviweka katika kreti za soda, wazi, karibu na mlango wa darasa, na watoto walivishika kwa mikono iliyotoka kupukuchua mahindi. Majalada mengi yalikuwa yameng'oka. Nilimkuta akibishana na msichana aitwaye Chepng'etich, ambaye alirudisha kitabu, akakitupa kwenye kreti bila heshima yoyote na kwenda zake.

"Nilimwambia hicho ndicho bora kuliko vyote," Cleophas alinieleza. "Anasema mimi napendanga vitabu vya wazee."

Akakiokota, akavuta kiti, akaanza kukisoma upya ili ajue msichana yule alichukizwa na nini.