Mashine Isiyojua Kungoja Mwezi

Kabla ya kompyuta, mtu akitaka ukumbi wa chuo kile cha njia ya Bofa hakuwa na budi kumpitia Jedida, karani wa ofisi, dirishani. Na kwa Jedida hupiti hivi hivi. Kwanza utajuliwa hali, kisha utaulizwa mgonjwa wako, kisha utaambiwa kanga uliyovaa maneno yake ni ya kumtukana jirani, ndipo ageuke kwenye ubao akuandikie kwa chaki: siku fulani, ukumbi wa fulani. Watu walinung'unika, na watu walikuja.

Mwenyewe alikuwa mtu wa bara, Mmaragoli, mjane, watoto wake wamebaki huko huko na kumkumbuka ni Krismasi. Alikuja pwani kwa kazi, akakaa mpaka Kiswahili chake kikalainika, ingawa Mishi, mpishi mkuu wa chuo, alimwambia bado kina mawe, chataka kuchaguliwa kama mchele. Alilala kwenye chumba nyuma ya jiko: kikombe kimoja, kiti kimoja. Lile dirisha la ofisi ndilo lililokuwa sebule yake.

Mwaka wa themanini na nane ikaja kompyuta, zawadi ya marafiki wa chuo wa ng'ambo, na ndani yake programu ya kupangia vyumba. Mkuu wa chuo, Bwana Thuku, akatoa amri. Hakuna tena kusimama dirishani. Mtu aandike haja yake, aitumbukize sandukuni, mashine itamjibu kwa karatasi. Na dirisha lifungwe, maana upepo wa chumvi utaila mashine. Fundi akaja na misumari. Jedida akabaki na feni, na printa inayolia kama mtu akwaruzaye ukoko sufuriani.

"Afadhali," alisema, na hakuna aliyemsikia. "Nimepumzika na midomo ya watu."

Kupumzika gani! Haukupita muda alikuwa akiiamkia mashine.

Ramadhani ikaingia pamoja na masika. Sandukuni akaikuta karatasi ya Mishi: akina mama wanauomba ukumbi siku ya Idd, kama kila mwaka. Ubaoni jambo hili halikuwa na taabu. Chaki ilikuwa ikizipitia siku mbili kwa pamoja, juu yake imeandikwa "mwezi ukiandama", na kila mtu alielewa. Mashine ilitaka tarehe. Sasa tarehe ya Idd nani aijua kabla ya mwezi kuonekana? Jedida akapaacha wazi pale pa tarehe, akisema moyoni ataijaza wakati wake ukifika.

Lakini mashine haijui kungoja mwezi. Kuanzia hapo kila aliyeomba ukumbi alijibiwa: hakuna nafasi. Ukumbi wenyewe mtupu, kuku wa jikoni wanataga chini ya jukwaa.

Ndipo mlango ulipoanza kugongwa.

"Bi Jedida," akasema Mwalimu Msellem wa hesabu, karatasi mkononi, "ukumbi umejaa nani? Majini?"

"Iulize mashine, Mwalimu. Mimi hapa mpeleka salamu tu."

Akaja Mishi, mikono kiunoni. "Sisi ndio tunaofunga, na yenye njaa ni mashine yako? Imeumeza ukumbi mzima, isibakishe hata mlango!"

Jedida alicheka hata akajifuta machozi. Hata Bwana Thuku alikuja akaketi, akasema atamwita fundi kutoka Mombasa baada ya Idd, kisha, kwa kuwa feni ilikuwa inapepea vizuri, akamweleza habari za goti lake.

Kosa Jedida aliliona mapema. Alifungua siku moja moja kwenye kioo cha mashine: kesho Idd, kesho kutwa Idd, mwezi ujao mzima Idd. Penye tarehe pakiwa patupu, mashine imefanya kila siku ni sikukuu. Dawa yake ilikuwa kuiandika Idd mara mbili, kwa zile siku mbili zinazotazamiwa, na kuifuta ile isiyo na tarehe. Kidole kilikuwa tayari. Mlango ukagongwa.

"Imepatikana?" akauliza Mwalimu Msellem, akivuta kiti.

Jedida akakirudisha kidole. "Bado naitafuta."

Msiwe wepesi wa kumhukumu. Anayekula na watu hajui ladha ya kula na ukuta. Jedida alijua wazi kwamba mashine ikipona mlango utanyamaza. Basi akajitia hamnazo, na kila asubuhi akaangalia kama kiti cha wageni kimefutwa vumbi.

Asubuhi moja akatoka kwenye veranda ya ofisi akamkuta Kadii, mfagiaji, Mgiriama mpole asiyepita bila kusalimu. Vidole vyake vilikuwa vyekundu kwa hina.

"Kadii! Hina hiyo ya nani?"

"Ya binti yangu. Tumemwoza Jumamosi."

"Wapi?"

"Nyumbani, uani. Niliuomba ukumbi kwa ajili ya mvua, karatasini nikaandika siku tu, nikajibiwa hakuna nafasi."

"Mbona hukuja kugonga kama wenzio?"

"Wenzangu ni walimu. Mimi nikiambiwa hakuna, ni hakuna." Akacheka kidogo. "Mvua ilipiga, mama! Wali ukageuka uji. Bibi harusi akabebwa mgongoni asiingie topeni. Tukacheza hivyo hivyo."

"Nami hukunialika."

Kadii akalitazama dirisha lenye misumari. "Zamani ningekwambia hapo nikipita. Siku hizi nikwambie wapi?"

Hapo Jedida angeweza kuitupia mashine lawama. Mashine haina mdomo. Hakuitupia.

"Nafasi ilikuwapo, Kadii. Nilijua."

Ufagio ukasimama. "Ulijua."

"Nilijua."

Laiti angemtukana. Kadii aliinama, akafagia mpaka ngazi ya mwisho, mpaka mlango wa jiko, hakugeuka.

Jedida akarudi ndani, akaziandika zile siku mbili. Printa ikakwaruza, na kabla ya adhuhuri kila mtu ana siku yake ya ukumbi. Hakuna aliyekuja kushukuru. Fundi wa Mombasa akaambiwa asije.

Mwezi uliandama mapema, Idd ikaangukia siku ya kwanza. Ukumbi ulijaa vigelegele na udi. Mishi akampelekea sahani ya biriani, akaiweka, akakimbilia wageni wake.

Siku ya pili ukumbi ulikuwa umewekwa kwa ajili ya Idd iliyokwisha kupita. Jedida akaazima nyundo karakana, akang'oa misumari mmoja mmoja, akalisukuma dirisha. Upepo ukaingia na chumvi yake yote. Akaketi akisikiliza ufagio wa Kadii ukija kutoka mwisho wa veranda, ukikaribia, mpaka chini ya dirisha.

"Hujambo, Kadii."

Ufagio ukatua kidogo. Kisha ukaendelea.

Jedida akaliacha dirisha wazi. Kesho Kadii angepita tena. Njia ya kufagia ilikuwa ni hiyo hiyo.